Hidaya, Ialy na Mvua Isiyo na Jina

Jumamosi ya 4 Mei 2024, pwani ya Tanzania ilikuwa na jina moja mdomoni: Hidaya. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilikuwa zimesimama, wavuvi wametakiwa wasitoke, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ilikuwa ikitoa taarifa moja juu ya nyingine. Kimbunga kikapiga kisiwa cha Mafia, kikaishiwa nguvu, na usiku huohuo TMA ikatangaza kwamba kimefifia. Dar es Salaam ikapumua. Wenye utani nao wakapata la kusema, maana hidaya kwa Kiswahili ni zawadi, tena ya thamani.

Kilwa hapakuwa na wa kucheka. Mvua iliyokuja na Hidaya ilikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara eneo la Somanga. Maji yalikula tuta, yakang'oa makalvati, na mikoa ya kusini ikabaki siku kadhaa bila njia ya gari ya kuiunganisha na nchi nzima. Mabasi na malori yalijipanga pande zote mbili kusubiri mafundi wajaze mawe na kifusi.

Kuna hesabu nyingine ya msimu uleule ambayo watu wengi wameisahau. Siku chache kabla ya Hidaya, tarehe 25 Aprili, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge mjini Dodoma kwamba mvua na mafuriko ya msimu huo yalikuwa yameshaua watu 155. Kenya nayo ilikuwa ndani ya masika ya kutisha. Kuamkia 29 Aprili maji yalishuka Mai Mahiu usiku yakafagia nyumba pamoja na waliolala ndani yake, na hadi msimu unakwisha Kenya ilikuwa imezika karibu watu 300. Mvua hiyo haikupewa jina. Hakuna aliyeifuatilia kwenye ramani saa kwa saa. Hidaya, aliyejulikana na kila mtu, aliua wachache mno ukilinganisha na hao.

Hapo ndipo majina ya vimbunga yanapokuwa na faida na hasara kwa pamoja. Jina humfanya mtu ageuke asikilize. Lakini humzoesha pia kupima hatari kwa umaarufu wa jina, na anapoambiwa jina limefutwa, anaona na hatari imefutika. Ili kuliepuka kosa hilo inabidi kwanza kujua kitu hiki chenyewe ni nini, na nani hukipa jina.

Kimbunga cha aina hii huzaliwa baharini. Maji ya juu yakifika joto la nyuzi 26 au 27 za Selsiasi, na joto hilo likawa limeshuka chini kiasi cha mita 50, bahari hutoa mvuke mwingi sana. Mvuke hupanda, hupoa, hugeuka mawingu na mvua, na katika kugeuka huachia joto uliokuwa umelibeba. Joto hilo huisukuma hewa juu zaidi. Chini panabaki kile ambacho watabiri wetu hukiita mgandamizo mdogo wa hewa, na upepo wa pembeni hukimbilia kuziba pengo. Kwa kuwa dunia inazunguka, upepo huo hauji kwa njia iliyonyooka. Hupinda, ukaanza kuzunguka. Kusini mwa Ikweta huzunguka kama mishale ya saa, kaskazini kinyume chake. Bahari yenye joto ndiyo chakula cha kimbunga. Kikipanda nchi kavu au kikiingia maji ya baridi, njaa humaliza upepo wake kwa siku moja au mbili. Mvua yake haifi upesi hivyo, na neno hili litarudi.

Watu wengi husoma habari za Marekani au Japani wakadhani kuna wanyama watatu tofauti. La. Kikizaliwa Atlantiki au mashariki ya Pasifiki kinaitwa harikeni. Kikizaliwa Pasifiki upande wa Ufilipino, China na Japani kinaitwa taifuni. Kikizaliwa Bahari ya Hindi au Pasifiki ya kusini kinaitwa saikloni. Ni kitu kimoja, kinatofautishwa na anwani tu. Kiswahili hakikujisumbua na anwani hizo, vyote vikaitwa vimbunga. Tatizo letu ni kwamba neno hilohilo hubebeshwa pia upepo mwembamba wa nchi kavu, ule unaoshuka kutoka wingu la radi, ukaezua paa za mtaa mmoja kwa dakika chache na kuuacha mtaa wa pili salama. Huo ni kitu kingine kabisa, na chamchela inayozungusha vumbi kiwanjani mchana wa jua ni kingine tena. Kimbunga cha baharini kina upana wa mamia ya kilomita na huishi siku nyingi. Mtu aliyeona paa la jirani likiruka akasema amekwishaona kimbunga, bado hajakiona.

Ngazi zake nazo hupangwa kwa upepo. Upepo unaoendelea kuvuma ukifika kilomita 63 kwa saa, katika sehemu yetu ya Bahari ya Hindi kinakuwa dhoruba ya kitropiki na kinapewa jina. Kinastahili kuitwa kimbunga kamili upepo ukifika kilomita 118 kwa saa, na juu yake kuna kimbunga kikali, halafu kikali sana kinachopita kilomita 212. Kwa hiyo kitu kinaweza kuwa na jina na bado hakijawa kimbunga. Na upepo hauongezeki ukali kwa hesabu ya kawaida: mwendo ukizidi mara mbili, msukumo wake juu ya ukuta na paa huzidi mara nne.

Desturi ya kubatiza dhoruba ina baba yake, na alikuwa mtu wa vituko. Clement Wragge, mtabiri wa hali ya hewa wa Queensland, Australia, mwishoni mwa karne ya 19 alianza kuzipa dhoruba majina ya miungu ya hadithi, ya wanawake, na baadaye ya wanasiasa aliokuwa hapatani nao. Unaweza kuwaza raha aliyoipata kutangaza kwamba mheshimiwa fulani anahangaika baharini bila mwelekeo. Alipoondoka, desturi ikalala. Wamarekani waliifufua rasmi mwaka 1953 kwa majina ya kike matupu, na ilikuwa mwaka 1979 ndipo dhoruba za Atlantiki zilipoanza kupewa na majina ya kiume. Wanawake walikuwa wamechoka kusingiziwa kila balaa.

Upande wetu wa bahari ulianza mwaka 1960. Kimbunga cha kwanza kupewa jina kilikuwa Alix, Januari mwaka huo, na mwezi uliofuata Carol kikaipiga Morisi vibaya kiasi kwamba kisiwa kilibadilisha namna yake ya kujenga. Nyumba za mbao na mabati zilizopukutika zikafuatwa na mitaa mizima ya zege, ambayo hadi leo huonekana ukipita Morisi.

Siku hizi majina hutolewa na nchi 15 za kusini na mashariki mwa Afrika pamoja na visiwa, Tanzania, Kenya na Komoro zikiwamo, kupitia kamati ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Kituo kikuu cha kufuatilia kiko kisiwa cha Réunion, chini ya Ufaransa. Lakini wanaotamka jina ni wawili: dhoruba ikifikia ngazi yake mashariki ya longitudo 55, Morisi hutoa jina, ikiwa magharibi yake, hutoa Madagaska. Orodha hupangwa kwa alfabeti na huanza upya kila Julai. Ndiyo sababu msomaji anayejua herufi zake anaweza kusoma kalenda ndani ya jina. Hidaya ni H, ya 8. Basi ilikuwa dhoruba ya 8 kupewa jina msimu huo. Wiki mbili baadaye ikaja Ialy, ya 9, ikapanda kaskazini mbele ya pwani ya Kenya kuelekea Somalia. Idai na Kenneth, vilivyoivuruga Msumbiji mwaka 2019, vilikuwa vya 9 na 11 katika msimu mmoja. Jina likishatumika halirudi tena, tofauti na Atlantiki ambako orodha hurudiwa kila baada ya miaka 6 na kustaafishwa yale yaliyoua wengi.

Kwa kuwa kila nchi huleta majina ya kwao, orodha yetu ina ladha ya bara. Msimu wa 2024 hadi 2025 ulikuwa na Bheki, Chido, Dikeledi, na hata Faida, ambayo iliifikia Madagaska Februari 2025 bila faida yoyote ya kuonekana.

Dhoruba ikivuka mpaka hubaki na jina lake. Mwaka 2023 Freddy alibatizwa na Waaustralia tarehe 6 Februari, karibu na Indonesia, akaivuka Bahari ya Hindi yote, akaipiga Madagaska, akaingia Msumbiji, akarudi baharini kwenye Mlango wa Msumbiji kujishibisha, kisha akaingia Msumbiji mara ya pili mwezi Machi na kuigeukia Malawi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limethibitisha kwamba ndicho kimbunga kilichoishi muda mrefu kuliko vyote vilivyorekodiwa, siku 36.

Na vile vya kabla ya 1960? Havikuwa na majina, na pengine ndiyo maana pwani yetu imevisahau na kujiaminisha kwamba vimbunga ni mambo ya Bukini, kama wazee walivyoiita Madagaska. Jiografia inaunga mkono imani hiyo kwa kiasi. Nguvu ya dunia ya kupinda upepo hudhoofika ukiikaribia Ikweta, kwa hiyo vimbunga ni nadra sana ndani ya nyuzi 5 kila upande. Mombasa iko nyuzi 4 kusini, Unguja 6, Dar es Salaam karibu 7, Mafia karibu 8, Lindi na Mtwara 10. Ukizisoma namba hizo kutoka kaskazini kwenda kusini, unasoma hatari inavyopanda. Halafu Madagaska yenyewe, yenye urefu wa karibu kilomita 1,600, imekaa mbele kama ngao na kupokea mapigo mengi. Vinavyopenya juu ya ncha yake ya kaskazini ndivyo vya kuangaliwa na watu wa Komoro, Cabo Delgado ya Msumbiji na Mtwara.

Lakini nadra si kamwe. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Sultani Barghash alikuwa hajatimiza miaka miwili kwenye kiti, na katika siku moja alipoteza merikebu zake bandarini na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa. Mkarafuu si muhogo. Hupandwa ukasubiriwa miaka kadhaa kabla ya kuvunwa. Ng'ambo ya bahari, Bagamoyo, misheni ya mapadre wa Roho Mtakatifu iliyokuwa imeanzishwa miaka 4 tu nyuma ilibomolewa, ikabidi ianze kujengwa upya. Pemba iliponea pembeni. Bei ya karafuu ilipopanda, wenye mashamba wakaielekea Pemba, na kituo cha karafuu kikahamia huko. Mpaka leo karafuu nyingi ya Zanzibar hutoka Pemba, na sehemu ya sababu ni upepo wa siku hiyo.

Merikebu zilizozama nazo zina mkia wa hadithi. Barghash aliagiza Uskoti chombo cha kujenga upya heshima ya bahari yake, kikazinduliwa mwaka 1878 kwa jina la Glasgow. Wale waliosoma historia ya Zanzibar wanajua kilipoishia: tarehe 27 Agosti 1896 mizinga ya Waingereza ilikizamisha mbele ya Forodhani, katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia.

Miaka 80 kamili baada ya kimbunga cha Unguja, tena tarehe 15 Aprili, mwaka 1952, kimbunga kingine kikaingia Lindi na kuua watu 34. Tarehe kugongana ni bahati tu, ila mwezi si bahati. Aprili ni kipindi cha tanga mbili, kaskazi imelegea na kusi haijashika, bahari imekaa juani tangu Desemba na ina joto lake lote. Kenneth alifika Cabo Delgado tarehe 25 Aprili. Jobo aliijia Dar es Salaam Aprili 2021, ingawa alipofika pwani yalikuwa yamebaki makombo. Hidaya na Ialy vilikuja Mei, wakati kwa kalenda ya Réunion msimu wa vimbunga hufungwa tarehe 30 Aprili. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, kwa hiyo, ana sababu ya kuangalia zaidi mwisho wa msimu kuliko mwanzo wake.

Kenneth anastahili kutajwa kwa jambo jingine. Alipita kaskazini ya Ngazidja huko Komoro usiku wa 24 Aprili 2019, kisha akatua kusini ya mpaka wa Tanzania akiwa na upepo unaozidi kilomita 200 kwa saa, mahali ambapo hakuna aliyekuwa na kumbukumbu ya kitu cha namna hiyo. Mtwara watu waliambiwa wahamie sehemu salama, shule na ofisi zikafungwa. Kimbunga kikatua upande wa pili wa Ruvuma, na Mtwara ikapata mvua na upepo wa kawaida. Hapo pia wapo waliosema walisumbuliwa bure. Umbali huo mfupi ndio uliotenganisha usumbufu na maafa, na siku mbili kabla hakuna mtabiri duniani ambaye angeweza kuapa kitatua kijiji gani. Anayetaka taarifa isiyokosea kamwe anataka taarifa ya baada ya msiba.

Kinachoua katika vimbunga, mara nyingi, ni maji. Upepo una kelele na picha nzuri za televisheni. Maji huja kimya. Yako ya aina mbili. Kwanza bahari yenyewe. Upepo husukuma maji kuelekea ufukweni na mgandamizo mdogo huyaachia yainuke, na maji yanapanda nchi kavu kama kujaa kusikojua pa kuishia. Kila mvuvi anajua tofauti ya bamvua na maji mafu: kimbunga kilekile kikifika wakati wa bamvua, saa ya maji kujaa, kina madhara mengine kabisa kuliko kikifika maji yamekupwa. Mwaka 1970 bahari iliinuka hivyo kwenye visiwa vya chini vya nchi ambayo leo ni Bangladesh, ikaua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 300,000 na 500,000. Hakuna kimbunga kinachojulikana kilichoua wengi zaidi.

Aina ya pili ni mvua, na hapa Idai ni somo. Mapema Machi 2019 mgandamizo mdogo wa hewa uliingia Msumbiji karibu na Quelimane. Upepo wake haukufika kilomita 63, kwa hiyo haukuwa na jina. Katika vitabu vya Réunion ulikuwa namba tu. Ukaimwagia Msumbiji na kusini mwa Malawi mvua iliyoua makumi ya watu. Kisha ukarudi baharini, ukala, ukanenepa, na tarehe 9 Machi ukapewa jina la Idai. Dunia ikaanza kuufahamu wakati huo, na usiku wa kuamkia 15 Machi ukauangukia mji wa Beira. Msalaba Mwekundu ulikadiria kwamba kiasi cha asilimia 90 ya mji na viunga vyake kiliharibika. Siku zilizofuata, upepo umekwisha na jua limetoka, mito ya Buzi na Pungwe ikafurika, bonde likageuka bahari, na watu wakaonekana juu ya mapaa na miti wakisubiri helikopta. Milima ya Chimanimani huko Zimbabwe ikaporomoka juu ya vijiji. Baada ya hapo kikaja kipindupindu. Jumla ya waliokufa katika nchi tatu ilipita 1,000. Hesabu hiyo ina vifo vya kabla ya jina, vya siku ya jina, na vya baada ya jina kufutwa.

Freddy aliua watu Malawi kwa njia hiyohiyo. Alipofika mji wa Blantyre hakuwa tena kimbunga, lakini mvua ya siku kadhaa ilishusha matope na mawe kutoka milimani juu ya mitaa iliyojengwa mitelemkoni, na Malawi ikapoteza watu zaidi ya 1,200 ukiwahesabu na wale ambao hawakuonekana tena. Mji huo uko mamia ya kilomita kutoka baharini.

Mkono wa kimbunga hufika mbali zaidi ya mvua yake. Kikikaa mahali fulani mashariki ya Madagaska, kinaweza kuvuta upepo wa magharibi kutoka misitu ya Kongo, upepo mbichi unaoongeza mvua Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Watafiti wanahusisha sehemu ya masika mazito ya 2018 na hali hiyo. Kikikaa kwenye Mlango wa Msumbiji, huweza kunyonya unyevu huo na kuuacha mkulima wa Kitui akitazama mbingu nyeupe. Hata nzige walioingia Kenya mwishoni mwa 2019, uvamizi mbaya kuliko wote katika miaka 70, mwanzo wao ulikuwa vimbunga viwili vya 2018. Mekunu kilipiga Salalah nchini Oman mwezi Mei, Luban kikaipiga Yemen mwezi Oktoba, na mvua zake zikaliotesha majani jangwa la Rub al Khali ambako hakuna mtu wa kuona nzige wakizaana.

Oman, ambako Kiswahili bado husikika katika nyumba nyingi za Muscat, ina somo lake la maji. Juni 2007 kimbunga Gonu kiliwaua watu wapatao 50 katika nchi ambayo wengi huifikiria kwa ukame wake. Mabonde makavu, yale wanayoyaita wadi, yalijaa kwa saa chache na kupita katikati ya barabara na mitaa iliyojengwa ndani yake. Wakazi wa Jangwani na Msimbazi mjini Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa habari hiyo.

Je, hali inazidi kuwa mbaya? Wanasayansi wana hadhari hapa, na inafaa kuwaiga. Hawasemi kwamba idadi ya vimbunga inaongezeka. Wanachosema kwa uhakika zaidi ni kwamba bahari inapopata joto, sehemu inayofikia ngazi za juu huongezeka, na mvua huwa nzito, kwa sababu hewa hubeba kiasi cha asilimia 7 zaidi ya mvuke kwa kila nyuzi moja ya joto. Usawa wa bahari nao umepanda, kwa hiyo maji yanayosukumwa na upepo huanzia juu zaidi.

Vifo, hata hivyo, vinaweza kupungua hata kimbunga kisipopungua, na ushahidi uko Bangladesh. Baada ya msiba wa 1970 nchi ile maskini ilijenga mtandao wa watu wa kujitolea wenye vipaza sauti na bendera, na majengo ya zege yaliyoinuliwa juu ya nguzo, ambayo siku za kawaida ni shule. Kimbunga Sidr cha 2007 kiliua zaidi ya 3,000, na Amphan cha 2020, kikali pia, kiliua makumi tu ndani ya nchi hiyo. Hakuna miujiza hapo. Ujumbe ulifika kijijini na palikuwa na pa kwenda.

Sharti la pili ndilo lililokosekana Mayotte, Maore kwa wenyeji, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa. Chido kilipoipiga tarehe 14 Desemba 2024, tahadhari ilikuwa imetolewa mapema. Lakini maelfu wanaoishi kwenye vibanda vya bati mitelemkoni, wengi wao kutoka visiwa jirani vya Komoro na hawana karatasi, waliogopa kwamba kituo cha hifadhi ni mtego wa polisi. Mwenye hofu ya kufukuzwa nchini huona bora abaki na bati lake. Vibanda hivyo vilifutika kabisa, na watu hawajakoma kubishana kama idadi rasmi ya vifo inawahesabu wote.

Kwa msomaji wa pwani yetu, la muhimu ni kujua taarifa inasemaje. TMA hutumia ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa nyekundu. Hizo hazipimi ukubwa wa upepo peke yake. Zinapima madhara yanayotarajiwa na uwezekano wa kutokea. Mvua isiyo na jina inaweza kuwa nyekundu, na dhoruba yenye jina maarufu ikawa njano. Ukisikia jina, basi, usiishie hapo. Sikiliza mkoa gani umetajwa, mawimbi ya mita ngapi, mvua ya siku ngapi. Mvuvi wa mtumbwi au ngalawa hana haja ya kusubiri kimbunga: upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, ambao TMA huutangaza mara nyingi kwa mwaka, unatosha kumzamisha.

Kuhusu nyumba, paa huondoka kwa kunyanyuliwa zaidi kuliko kusukumwa, maana upepo unaopita juu yake hulivuta. Bati lililopigiliwa misumari michache kwenye kenchi zisizofungwa na ukuta ni panga linalosubiri kuruka. Kufunga kenchi kwenye ukuta kwa waya mnene au mkanda wa chuma ni kazi ya fundi wa kawaida, ya siku moja. Na kama siku moja jicho la kimbunga litapita juu yenu, upepo utakatika ghafla, pengine jua litatoka. Asitoke mtu. Upepo hurudi baada ya muda mfupi kutoka upande wa pili, ukizikuta kuta zilizokwisha kulegezwa.

Kila msimu hufunguliwa Novemba, na kila orodha ya majina huanza na A. Wenye nyumba bondeni, kando ya mto au chini ya mtelemko uliokatwa miti wasisubiri herufi yoyote: waulize serikali ya mtaa sasa, wakati wa jua, njia ya kutokea ni ipi maji yakija usiku, na watu wapelekwe jengo gani. Mtaa usio na jibu la maswali hayo mawili hauko tayari, liwe lipo jina au halipo.